Mistari Niliyomficha Bibi

Salale, baada ya adhuhuri

Mwanangu Hadija,

Salamu nimekupa kwa mdomo tangu asubuhi, na kesho kwenye mtumbwi nitakupa nyingine, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda kuaga kwa shangazi zako, mdogo wako amelala, baba yako yuko Kiongoroni kwenye boriti zake, na mie nimekilaza kinu nikakikalia, daftari magotini. Nina muda mpaka mtoto aamke. Mpunga haujatwangwa na mgongo unaniuma. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usicheke.

Mambo ya sabuni, na mafuta ya nywele, na kutotazamana na watoto wa kiume njiani, shangazi yako mkubwa amekwisha kukueleza mpaka umeanza kusinzia. Nilikuona. Sina la kuongeza. Nataka kukueleza habari za Bibi Mwajuma, bibi yangu aliyenilea, kwa sababu kesho kutwa utakuwa katika nyumba ambamo watakueleza habari zake kwa namna nyingine.

Wewe unamkumbuka kidogo. Uliniambia unakumbuka vidole vyake, alivyokuwa akikupapasa pua na masikio kila asubuhi apate kujua ni wewe. Huyo ni Bibi wa mwisho. Ninayemtamani mie ni yule wa mwanzo, na tangu barua ya shule yako ije, haipiti siku bila kumtamani.

Yule wa mwanzo alikuwa mwalimu. Alifundishwa na baba yake, na baba yake alipokufa akakichukua chuo. Alifundisha Kurani, na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, watoto wa kiume na wa kike, miaka mingi kabla sijazaliwa. Nusu ya watu wazima unaowaona hapa Salale wamepita mikononi mwake, na wengine wamepita fimboni.

Tabu ya huku kwetu unaijua. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanashuka, na kila nyumba inahamia shamba kuamia ndege. Mtoto anapanda dungu la miti, anakaa juu na kombeo lake tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, na chuo kinakufa msimu mzima. Walimu wengine walikuwa wakifunga wakaenda Mafia kutembea. Bibi hakufunga. Alikihamishia chuo madunguni.

Dungu lake lilikuwa katikati, na ya wanafunzi yalimzunguka, kila mtoto juu ya shamba la wazazi wake. Basi Bibi husimama, kanga kiunoni, akapaza sauti: "Be ina nukta ngapi?" Na kutoka kila upande watoto wanaitikia: "Moja, chini!" "Te?" "Mbili, juu!" Na ndege wanaruka. Somo la asubuhi lilikuwa herufi, la alasiri lilikuwa sura za Amma, na sauti zenyewe ndizo zilizolinda mpunga. Wazee waliokuwa wakisema mtoto wa kike kusoma ni kupoteza wakati walinyamaza, maana shamba la binti anayesoma kwa nguvu lilivunwa zima.

Na kulala hakukuwezekana. Bibi alikuwa hatazami watoto, alitazama ndege tu. Wakitua mahali, anapaza: "Ndege wako kwa kina Sefu! Sefu amelala! Mwamsheni!" Basi shamba zima linamwita Sefu.

Mzee Mbonde, jirani yetu, alikuwa akipita mtoni na mtumbwi wake, hawezi kupita bila kuchokoza. "Mwalimu! Mwaka huu ndege watakhitimu kabla ya watoto!"

"Wakikhitimu nitakuletea mmoja akusalishe," Bibi akamjibu, "maana wewe Fatiha yenyewe unairuka kama dimbwi."

Mzee Mbonde alicheka hata akaacha kupiga kasia, mtumbwi ukaenda kombo mpaka kwenye mikoko.

Mwanafunzi wake mkubwa aliitwa Mwanaidi. Dungu la kwao lilikuwa la mwisho kabisa, ukingoni, na sauti yake ndiyo iliyofika mbali. Bibi akichoka, Mwanaidi anaita na wengine wanaitikia. Baadaye aliolewa Kibiti, na kutoka huko akawa anamwandikia Bibi barua ndefu. Kuku akipotea, anaandika kurasa mbili. Bibi alizisoma mara tatu tatu. Huyo ndiye Bi Mwanaidi ambaye utakaa kwake.

Kisha macho ya Bibi yakaingia ukungu. Kazi aliiacha ghafla, bila maneno mengi. Alimkemea mtoto kwa kosa alilolikuta kwenye ubao wake, mtoto akalia, akasema, "Mwalimu, nimeandika hivyo hivyo ulivyosema." Bibi akausogeza ubao usoni, akaugeuzia juani, akaukazia macho. Akamrudishia. "Umepatia. Mie ndiye niliyekosea." Jioni akawaita wazazi akawaambia watafute mwalimu mwingine.

Wakampata kijana mmoja, mtu mzuri, akafundishia barazani kwake. Wasichana akasema hana pa kuwaweka.

Msimu uliofuata Bibi alipanda dungu lake kama kawaida. Siku moja nikamsikia anapaza sauti, "Be ina nukta ngapi?" Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo yao, waliosoma kwake zamani, wakaitikia wakicheka, na yeye akacheka nao. Wakapita. Mie nilikuwa chini, nachochea moto, nikaona alivyokaa baada ya kicheko kile. Alikaa polepole, kama mtu aliyeshusha kitu kizito kichwani na hajui akiweke wapi.

Tangu hapo mie nikawa macho yake. Herufi zake nilizijua tangu nina meno ya utotoni, na za shule nilizisoma mpaka darasa la tatu ng'ambo ya mto. Watu walikuwa bado wanamletea Bibi barua zao asome, na Bibi hakutaka wajue. Anaishika barua mbele yake vizuri, mie nimekaa nyuma ya bega lake nanong'ona, naye anasema kwa sauti. Tuliendelea hivyo muda mrefu. Alikuwa ananiita mke mwenzangu. "Soma, mke mwenzangu, usiniaibishe."

Sasa nafika mahali penyewe, Hadija. Nimeondoka mara mbili kwenda kumtazama mtoto, na amelala tu.

Nilipovunja ungo niliwekwa ndani, kama shangazi zako wanavyotaka kukuweka wewe. Mwaka mzima na zaidi sikuliona jua ila kwenye ufa wa ukuta. Mwali hasemi kwa sauti, unajua. Ukitaka maji, unanong'ona. Ukicheka, unacheka ndani ya kanga. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa akija kunidekeza, ananiletea korosho na habari za watu, naye ndiye aliyejua kwamba mwali wake ananong'ona hata matusi.

Zilikuwa zimebaki kama siku arubaini nitolewe. Kanga zangu zimekwisha nunuliwa, doti mbili, nimezipapasa mpaka zimepoteza ugumu. Wapiga ngoma wamekwisha ambiwa. Na kwenye ufa ule nilikuwa nimemwona baba yako akipita na shoka lake, mara nne. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikufikiri jambo jingine lolote.

Bibi akaingia, barua mkononi, uso unang'aa. "Mwanaidi! Nimeijua kwa jinsi alivyoikunja. Soma, mke mwenzangu."

Angeweza kumpelekea yule mwalimu kijana. Lakini Bibi, aliyewasomea watu wote barua zao, asingeweza kukaa barazani kwa mwanamume asomewe yake. Akaja gizani kwa mwali.

Nikaanza kunong'ona. Salamu, watoto, homa ya mumewe, mvua kuchelewa. Kisha macho yangu yakatangulia mbele ya mdomo. Mwanaidi anasema hapo Kibiti wanafungua darasa la wasichana, na wazazi wanakataa kwa sababu hakuna mwanamke mtu mzima wa kukaa na mabinti zao. Anasema amelitaja jina la mwalimu wake na watu wamekubali. Anasema, macho si kitu, mwalimu wangu, njoo na mjukuu wako, yeye atakuwa macho yako. Mwezi ukiandama nitamtuma mtu na mtumbwi.

Mwezi ukiandama. Ngoma yangu ilikuwa baada ya mwezi kuandama.

Nikaruka. Nikasoma mwisho: nisalimie wote, ni mimi mwanafunzi wako Mwanaidi.

Bibi akangoja. "Basi?"

"Basi, Bibi."

"Hakusema kitu kingine?"

"Amesema mvua zimechelewa."

"Kha! Mwanaidi huyu huyu? Wa kurasa mbili za kuku?"

Nikasema, "Labda wino umemwishia."

Bibi akaichukua karatasi, akaipitisha kidole mstari kwa mstari, kama vile angeweza kuisikia. Akasema, "Wino mwingi huu." Halafu akasema, "Haya. Mpunga wa mwaka huu ni wa shida kwa kila mtu, labda amechoka."

Hilo lilikuwa kosa la mtoto, na kama lingeishia hapo, pengine ningekwisha kulitubia. Kesho yake akaja na kalamu tumjibu. Akanipa salamu, nikaandika salamu. Akanipa dua, nikaandika dua. Na chini yake, kwa mkono wangu, kwa jina lake, nikaongeza: Nimesikia uliyosema. Macho yameniisha na sitoki tena Salale. Usimtume mtu.

Niliogopa mtumbwi ungekuja. Ndiyo sababu. Sina nyingine, na nimeitafuta miaka hii yote.

Ngoma ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Nilibebwa mabegani, jua likaniumiza macho, nikamwona baba yako amesimama mbali kidogo, anajifanya anatazama ng'ombe wa watu. Baba yako ni mtu mwema. Kama nisingechezwa ngoma ile, pengine wewe nisingekuwa nawe. Hayo ndiyo yanayonishinda, mwanangu. Siwezi kusema laiti yasingetokea.

Mwanaidi hakuandika tena. Bibi aliishi miaka saba baada ya hapo. Kila mtu aliyetoka Kibiti alimwuliza, "Mwanaidi hajambo?" Anaambiwa hajambo, ana watoto watatu, ana watoto wanne. "Hakukupa neno?" Hakunipa neno, Bibi. Anasema, "Ana kazi nyingi." Alimtetea. Mwaka wa sita akaacha kumtetea, akawa anasema tu, "Watu husahau." Mie nilikuwa hapo hapo, nakuogesha wewe, nampa uji, nalala kitanda cha pili. Nilikuwa na nafasi ya kusema siku zote za Mungu. Siku moja nilianza. Nikasema, "Bibi, ile barua ya Mwanaidi..." Akasema, "Mwache, mke mwenzangu, alikuwa na sauti nzuri." Nikamwacha. Yeye alidhani namfariji.

Na darasa lile la Kibiti lilifunguliwa bila yeye, likafa mwaka ule ule kwa kukosa wasichana, likaja kufufuliwa juzi juzi tu, hili unalokwenda wewe.

Bibi alipofariki, Bi Mwanaidi alikuja matangani. Alitembea sehemu kubwa ya njia kwa sababu lori liliharibika, miguu imevimba. Nilikuwa nagawa kahawa. Nikamsikia akiwaambia wanawake, "Nilimwita, akanijibu kwa maneno makavu mpaka nikalia. Lakini alikuwa mwalimu wangu, ningekosaje kuja?" Mmoja akasema, "Wazee wakishapofuka huwa wakali." Wakakubaliana wote. Nikamwekea kahawa yake mbele, akaniambia ahsante mwanangu, nikapita na sinia kwenda kwa mwingine.

Mwaka huu aliposikia umepita mtihani, alimtuma dereva wa lori na maneno. Dereva aliyaeleza hapa mlangoni, ulikuwepo: "Mama Hadija, Bi Mwanaidi anasema mtoto wa nyumba ya mwalimu wake hawezi kupangiwa kwa watu, na yeye yupo. Anasema chumba amekwisha kifagia." Wewe uliruka ruka kama mwanambuzi. Mie nilikwenda uani nikalia, ukadhani ni kwa kuwa unaondoka. Nilikuwa nalia kwa hilo pia.

Nimefikiri kunyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na minne, najua jinsi ya kunyamaza. Shangazi zako wanangoja kosa moja tu. Bi Mwanaidi akikukataa, hakuna nyumba nyingine Kibiti tunayoijua, na ukirudi hapa watakuweka ndani kabla hujaosha miguu, na sitakuwa na neno la kuwazuia. Nayajua hayo yote. Nimeyageuza geuza wiki nzima, huku natwanga, huku nanyonyesha.

Lakini utakaa katika nyumba ile, jioni mtapika pamoja, na yeye ataanza kukusimulia, kwa kuwa anampenda. Atakueleza madungu, na Sefu, na Mzee Mbonde. Halafu atakueleza kwamba mwisho wa maisha yake mwalimu alikuwa na moyo mgumu, alimwita na hakuja. Na wewe utaamini, kwa sababu anayesema ni mtu mwema na alikuwepo. Utalala umemjua Bibi kwa uongo wangu. Hapana. Mwanamke yule angekwenda Kibiti kwa magoti. Angekwenda siku ile ile, bila kungoja mwezi, ananipigia kelele nifunge mkeka.

Ningetaka kukuambia nimejifunza nini, lakini nikikaa nikifikiri naona ni kidogo. Nilidhani neno ninaloliruka limekwisha. Halikwisha, lilikuwa linakaa na Bibi kila siku mlangoni, linamngojesha. Hayo tu. Mengine utayaona mwenyewe, una macho.

Nimejaribu kumwandikia yeye barua ya peke yake. Karatasi tatu, sikuvuka salamu. Kwa hiyo nakupa wewe kazi ambayo si ya mtoto, na unisamehe. Ukifika Kibiti, Bi Mwanaidi atakupokea mlangoni, atataka kukutua mzigo. Usiutue. Atakupa maji, hayo unywe, safari ni ya vumbi. Chakula usile. Mwambie, "Mama ameniambia nikusomee kwanza." Msomee barua hii kuanzia juu mpaka chini, kwa sauti, hata pale palipo na aibu yangu, hata hapa ninaposema usile. Ukilia, ngoja upumue, uendelee. Bibi alikuwa hamwachi mtu aishie njiani.

Akisema kaa, kaa, na umsaidie kazi zake kama mtoto wa kumzaa. Akisema rudi, usibishane naye na usimchukie. Ana haki hiyo, na deni si lako. Dereva atakuwa na wewe mpaka usiku wa kesho yake, nimekwisha mwambia angoje, sikumwambia kwa nini.

Mtumbwi wa kutoka kwenye lori hufika hapa Jumamosi maji yakijaa. Nitakuwa gatini tangu mapema, na mdogo wako mgongoni. Nimezoea kukuona kila ninapogeuka, na sijui mikono yangu itafanya nini bila kichwa chako cha kusuka. Nikikuona unashuka, nitakupokea, nitakupa chakula, na shangazi zako nitapambana nao kwa nguvu nilizonazo, ambazo si nyingi. Na nisipokuona, nitasimama mpaka wa mwisho ashuke, nihakikishe. Huko gatini nitamwomba Mungu, mimi mama yako, usiwemo.

Mtoto anaamka. Nimesikia sauti yako kwa jirani, unacheka.

Mama yako,
Fatuma